Mipira ya breki ya kawaida au paipu za waya wa chuma? Ulinganisho kwa wenye magari na pikipiki wa Malindi

Pikapu yangu hubeba samaki kutoka Ngomeni hadi Malindi mjini, siku nne au tano kwa wiki. Asubuhi moja nilikuwa nimeshapita Mambrui, niko nyuma ya lori la chumvi, nikakanyaga breki kidogo tu kisha nikaachia. Gari likaendelea kuvuta kushoto kana kwamba kuna mtu mwingine ameshika usukani. Nikalivumilia hadi ng'ambo ya daraja la Sabaki, nikaegesha pembeni na kushuka. Gurudumu la mbele kushoto lilinuka kitambaa kinachoungua. Nililidondoshea maji kutoka kwenye chupa, yakachemka juu ya rimu na kutoweka.

Fundi wangu ni mzee aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa. Alipiga jeki, akajaribu kuzungusha gurudumu, likagoma. Akalegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski, mafuta meusi yakaruka, na gurudumu likaachia papo hapo. "Kalipa nzima, mwanangu," akasema. "Mpira ndio umefunga njia." Aliufungua, akaukata kwa msumeno, akanipa kipande nitazame. Kwa nje ulikuwa na nyufa ndogo tu, kama za udongo uliokauka. Kwa ndani tundu lilikuwa limevimba hata sindano ya kuzibulia stovu ikakwama. Mguu wangu ulikuwa na nguvu ya kusukuma mafuta yapite, lakini nikiachia, hakuna kilichoyasukuma kurudi.

Dukani nikawekewa vitu viwili mezani: mpira mweusi wa kawaida, na paipu inayong'aa iliyosukwa kwa nyuzi za chuma kisichoshika kutu. Muuza duka akasifu ya pili, fundi akanyamaza. Najua wengi mmesimama mbele ya meza kama ile, kwa hiyo naandika niliyojifunza tangu siku hiyo.

Tunalinganisha nini

Mafuta ya breki husafiri kutoka silinda kuu hadi magurudumuni ndani ya mabomba magumu ya chuma. Karibu na gurudumu, mahali panapopanda, kushuka na kukata kona, bomba gumu haliwezi kufuata, ndipo panawekwa kipande kinacholegea. Kipande hicho ndicho tunachokizungumzia.

Mpira wa kawaida una tabaka za mpira zilizoimarishwa kwa nyuzi za nguo ngumu katikati. Paipu ya waya ina mrija wa teflon (aina ya plastiki) ndani, suka la waya wa chuma juu yake, na nzuri zaidi huvikwa ngozi ya plastiki kwa nje. Teknolojia yake ilitoka kwenye ndege na magari ya mashindano.

Ipo pia njia ya tatu ambayo muuza duka hatakutajia, nayo ni kuiacha mipira uliyonayo, kama bado mizima, na kubadilisha mafuta ya breki peke yake. Nitaipima pamoja na hizo mbili.

Vigezo vyangu ni vitano: mguu unahisi nini, kitu kinavumiliaje chumvi na jua letu, kinatoa ishara gani kabla ya kuharibika, kinataka fundi wa aina gani, na mfuko unasemaje. Si vyote vyenye uzito sawa. Cha pili na cha tatu ndivyo vinavyonikosesha usingizi.

Mguu unahisi nini

Ukikanyaga breki kwa nguvu, mpira hutanuka kidogo. Sehemu ya nguvu yako inaishia kuutanua badala ya kubana pedi. Ukiwa mpya, mtanuko huo ni mdogo na huuhisi. Ukizeeka unaongezeka, na pedali inakuwa kama unakanyaga embe bivu.

Paipu ya waya hutanuka kidogo sana. Pedali inakuwa ngumu na inajibu mapema, na mguu unajua kwa usahihi zaidi ni kiasi gani umebana. Hilo ni kweli, wala si maneno ya biashara. Lakini ukubwa wa faida unategemea chombo. Kwenye gari, kipande kinacholegea ni kifupi kwa kila gurudumu, na njia yote iliyobaki ni chuma tayari. Kwenye pikipiki yenye diski mbele, njia nzima kutoka kwenye usukani hadi kalipa ni mpira mtupu, karibu mita moja. Kwa hiyo mwenye pikipiki atahisi tofauti siku hiyohiyo, na mwenye gari atalazimika kuitafuta.

Sasa lile swali ambalo kila mtu huniuliza: je, nitasimama mapema zaidi? Ikiwa breki zako tayari zina uwezo wa kufunga magurudumu, au kuamsha ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasifunge, basi umbali wa kusimama unaamuliwa na tairi na barabara. Mchanga uliopeperushwa juu ya lami hautajali umefunga paipu gani. Tairi lililoisha meno ni hatari kubwa kuliko mpira wa kawaida ulio mzima.

Njia ya tatu inashangaza kwenye kigezo hiki. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani imejaa unyevu. DOT 4, mojawapo ya madaraja ya mafuta hayo, ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi joto 230 za selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Ongeza hewa iliyobaki kwenye mabomba tangu fundi wa mwisho alipofanya haraka, utapata pedali laini ambayo haihusiani na mpira hata kidogo. Watu wengi hufunga paipu za waya, wanawekewa mafuta mapya na kutolewa hewa siku hiyohiyo, kisha sifa zote wanazipa paipu. Anza na mafuta. Huenda ukagundua hukuhitaji kitu kingine.

Chumvi, jua na mchanga

Hapa ndipo Malindi inapotofautiana na Nairobi, na ndipo ushauri mwingi ulioandikwa kwa nchi za baridi unapotupotosha.

Mpira haushiki kutu. Maadui wake ni umri, jua, joto na mafuta yasiyofaa. Upepo wa kaskazi na wa kusi hauudhuru sana wenyewe, isipokuwa kwenye vichwa vyake vya chuma, mahali panapobanwa. Vichwa hivyo hushika kutu, na kutu ikiingia chini ya mbano, mpira huanza kukatika hapo. Kwangu mimi kuna jambo la ziada: barafu ya samaki ikiyeyuka, maji yake yenye chumvi yanachuruzika kutoka kwenye bodi na kudondokea mipira ya nyuma kila siku. Nilipochungulia chini mara ya kwanza kwa makini, vichwa vya nyuma vilikuwa na maganda ya kutu kama ya mkate ulioungua, wakati vya mbele vilikuwa na rangi ya kahawia tu.

Kuna na hili la magari tunayoagiza. Kenya hairuhusu gari lililotumika liingie likiwa na zaidi ya miaka 8. Maana yake, gari "jipya" lililoshuka Kilindini linaweza kuwa na mipira ya miaka saba au minane siku ya kwanza unapolishika usukani. Ukalitumia miaka mingine sita ukisema halina tatizo, mipira imeshafika miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Yamaha kwenye vitabu vyake vya pikipiki huagiza mpira wa breki ubadilishwe kila miaka 4 na mafuta kila miaka 2. Magari hayana ratiba moja, lakini namba hiyo inakupa kipimo.

Paipu ya waya je? Jina la chuma kisichoshika kutu linawadanganya watu. Waulize mafundi wa boti hapa ufukweni, watakuambia chuma cha daraja la 304 kinatoboka madoadoa baharini, ndiyo maana vifaa vizuri vya boti ni 316. Suka la paipu nyingi za breki ni 304. Chuma hiki hujilinda kwa ngozi nyembamba inayohitaji hewa ili ijirudishe. Maji ya chumvi yakinaswa chini ya ngozi ya plastiki iliyopasuka, pale karibu na kichwa, hewa haifiki na kutu huanza kula kimyakimya. Angalia pia vichwa vyenyewe. Paipu za bei ya chini huwa na vichwa vya chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, na ndani ya muda mfupi vinageuka vyeupe kama vimemwagiwa chokaa, kisha vyekundu.

Mchanga nao una neno. Paipu isiyo na ngozi ya nje hupokea chembe za mchanga katikati ya nyuzi za waya. Gurudumu likipanda na kushuka, chembe hizo husugua mrija wa teflon kama tupa. Anayeingia Tsavo Mashariki kwa lango la Sala na kupita njia za vumbi asikubali kabisa paipu iliyo uchi. Na suka hilohilo likigusa kitu kingine, hukikwangua. Nimeona waya wa kipima mwendo umekatwa nusu na paipu iliyofungwa vibaya.

Upande wa teflon wenyewe, sina la kulaumu. Haizeeki kama mpira, haivimbi kwa ndani, na haipitishi unyevu mwingi kama mpira, kwa hiyo mafuta yanakaa safi kwa muda mrefu. Ugonjwa ulioipata pikapu yangu siku ile usingetokea kwenye paipu ya teflon.

Ukibaki na mipira ya zamani, umri unaendelea kuhesabu. Mafuta mapya hayaufufui mpira.

Inakupa ishara gani kabla ya kuharibika

Mpira husema. Ukiukunja kwa vidole karibu na kichwa utaona nyufa. Mwombe mtu akae ndani, injini iwe inanguruma, akanyage breki kwa nguvu huku wewe ukitazama mpira, wa mbele uwe umegeuziwa nje. Ukiona uvimbe, hata mdogo kama punje ya hindi, gari hilo lisitoke gereji. Ukiona unyevu unaong'aa, jibu ni hilohilo. Kasoro inayojificha ni ile ya ndani iliyonipata mimi, lakini hata hiyo ina dalili zake, kama gari kuvuta upande mmoja au gurudumu moja kuwa la moto kuliko mengine. Weka kiganja karibu na kila rimu baada ya safari, usiguse. Ni kipimo kisicho na gharama, na tangu siku ile nakifanya kila nikifika mjini.

Paipu ya waya haina maneno mengi. Suka linafunika mrija, huoni kinachoendelea ndani. Ikipata mkunjo mkali mara moja, kwa mfano fundi akiiacha kalipa ining'inie juu yake, teflon inabonyea na hairudi sawasawa. Inaweza kufanya kazi miezi kadhaa halafu ikaachia ghafla. Nyuzi za waya zilizokatika na kuchomoza, zinazokuchoma kidole ukipitisha kitambaa, ndizo dalili ya kuitupa siku hiyohiyo.

Magari ya siku hizi yana mikondo miwili ya breki, hivyo paipu moja ikipasuka unabaki na nusu. Pikipiki haina anasa hiyo: ukipoteza ya mbele, umepoteza sehemu kubwa ya uwezo wako wa kusimama.

Mkono wa fundi

Aina zote mbili, penye washa za shaba, zinataka washa mpya kila zinapofungwa. Washa ya zamani imeshabonyea, itavuja. Mafuta ya breki yanayomwagika hula rangi, yasafishwe kwa maji mara moja. Na mafuta ya injini au ya usukani yasiguse mfumo wa breki hata kijiko, kwa sababu yanavimbisha mipira yote, ikiwemo ile ya ndani ya silinda.

Mpira wa kawaida ni mwepesi kwa fundi yeyote mzoefu. Mpira uliotengenezwa kwa kanuni ya Marekani una mistari miwili kwa urefu wake, kila upande mmoja. Kazi yake ni moja: ukishafunga, mistari inyooke. Ikizunguka kama kamba, mpira umepindwa na unatakiwa kufunguliwa ufungwe upya. Penye maandishi tafuta neno DOT (hapa ni alama ya kanuni hiyo, si daraja la mafuta), mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na herufi HR au HL. HR ni ya mtanuko wa kawaida, HL ni ya mtanuko mdogo. Kanuni hiyo inataka mpira uchezeshwe kwenye mashine saa 35 mfululizo bila kupasuka, na paipu ya waya inayobeba alama hiyo inapimwa vivyo hivyo.

Paipu ya waya inataka subira zaidi. Urefu uwe sahihi, usukani ukikatwa mpaka mwisho kushoto na kulia, na gurudumu likining'inia, paipu isivutike wala kugusa kitu. Isibanwe kwa koleo kamwe. Nawasihi pia msikubali kutengenezewa paipu kwenye duka la mabomba ya majimaji ya matrekta kwa kupima kwa jicho. Bomba linaloweza kustahimili shinikizo kubwa la trekta linaweza kuwa na mpira wa ndani usiopatana na mafuta ya breki. Nunua seti iliyotengenezwa kwa modeli ya chombo chako, yenye alama yake.

Kubadilisha mafuta peke yake ndiyo kazi nyepesi, lakini fundi atoe mafuta mpaka rangi mpya itoke katika kila gurudumu. Kujaza kopo la juu tu si kubadilisha.

Mfuko

Seti ya waya huwa na bei mara kadhaa ya mpira wa kawaida, na kwa modeli nyingi itabidi uiagize, huku mpira wa kawaida wa magari yaliyozoeleka ukiupata mjini au Mombasa siku hiyohiyo. Mafuta ni bei ndogo kuliko vyote. Jihadhari na mipira isiyo na maandishi yoyote. Mpira wa kawaida wenye alama una thamani kuliko paipu inayong'aa isiyojulikana ilikotoka.

Kulingana na hali yako

Boda boda yenye breki za dramu mbele na nyuma inavuta kwa waya na fimbo, haina mafuta wala mpira wa breki. Kwako swali hili halipo. Kagua shuu, paka waya grisi, pesa yako iende kwenye tairi.

Tuktuk nyingi zina dramu zinazoendeshwa kwa mafuta. Unabeba abiria kutwa, mwendo ni mdogo, unasimama mara nyingi. Mipira mipya ya kawaida na mafuta safi vinakutosha.

Pikipiki yenye diski, hasa kubwa ya safari, ndiyo inayonufaika zaidi na paipu ya waya. Chagua yenye ngozi ya nje na vichwa visivyoshika kutu. Pikipiki yangu niliifunga paipu hiyo, na kidole kimoja sasa kinafanya kazi ya viwili.

Gari la familia la mjini, Watamu na Gede, au la kwenda Mombasa mara mojamoja: badilisha mafuta kwanza. Kama mipira imepita miaka kumi, au hujui umri wake, weka mipya ya kawaida yote kwa pamoja.

Gari la hifadhini linaloingia Sala likiwa limejaa watalii linaweza kwenda njia zote mbili. Ukiwa na fundi mwangalifu na seti yenye ngozi, paipu ya waya itakupa pedali imara hata mzigo ukiwa mzito. Ukiwa mtu wa kutengenezewa gari popote linapoharibikia, baki na mpira, kwa sababu spea yake utaipata njiani.

Gari la samaki, la chumvi, au la ufukweni kama langu: kila jioni linataka maji matamu chini ya uvungu, haijalishi umefunga nini. Kwenye pikapu nilichagua mipira ya kawaida yenye alama, mbele na nyuma, na tarehe nimeiandika kwa rangi nyeupe ndani ya boneti. Nyuma nimemwomba fundi wa bodi aweke kipande cha bati kinachopeleka maji ya barafu kando, yasidondokee vichwa vya mipira tena.